Shangazi, chakula cha bustanini kilitumaliza

Shikamoo shangazi,

Mwaka jana tulijibana tukawapeleka watoto kwenye bustani kubwa ya burudani, yenye mabembea na treni za kasi, ambayo walikuwa wakiiota tangu walipojua kuongea. Siku 3. Tiketi tulilipa mapema, hoteli tulilipa mapema, nauli ndiyo usiseme. Kilichobaki tukakigawa, na fungu la chakula nikaliweka kwenye bahasha yake peke yake. Bahasha ile iliisha siku ya pili, saa tisa alasiri, mbele ya kigari cha aiskrimu.

Naona haya kutaja fedha zenyewe, lakini chukulia hivi: kama tulipanga 100, tulitumia 185. Hiyo 85 ya juu ilitoka kwenye kadi ya mume wangu, na deni lake ndiyo kwanza tumelimaliza.

Kinachoniuma zaidi ni yaliyotokea pale kwenye kigari. Mdogo wetu wa miaka 4 alikuwa ameshika aiskrimu kwa mikono miwili, inamchuruzika hadi kwenye kiwiko. Mimi nimeinama napekua begi nitafute sarafu za mwisho. Baba yao nyuma yangu akasema, na foleni nzima ikasikia: "Wewe na watoto wako mmekuja kucheza au mmekuja kula?" Wa miaka 9, ambaye yake ilikuwa bado, akasema basi, hataki tena. Mkubwa wa miaka 14 akasogea pembeni akajifanya si wa kwetu. Tulimaliza siku ile tukiwa kimya, na tiketi tulizilipia hadi usiku.

Tuliporudi nyumbani nilizitandaza risiti kwenye meza ya chakula. Zilikuwa 26. Risiti 4 tu ndizo za milo kamili, na jumla yake ni 90. Zile 22 nyingine ni vidogovidogo: maji, soda, bisi, aiskrimu, na kikombe cha plastiki chenye kichwa cha joka ambacho sasa kinakaa dirishani na kalamu za rangi ndani yake. Jumla ya vidogovidogo ni 95. Niliporudia hesabu nilidhani nimekosea.

Mwaka huu watoto wanaomba turudi, na tumeshaanza kuweka akiba. Mume wangu amekubali kwa sharti moja: tule hotelini asubuhi mpaka tushibe, tukishaingia getini hakuna kununua hata tone la maji, tutakula tena usiku tukitoka. Rafiki yangu naye ananiambia nilipie ule mpango wa milo ya mapema, kila mtu anapata milo yake, unasahau habari ya pesa. Mimi sijui nimsikilize nani. Na safari hii tunaenda na mama mkwe. Ana kisukari, anatumia insulini, na hawezi kukaa na njaa. Nikimweleza mume wangu kuhusu mama yake anasema "mama ataeleweka tu."

Nisaidie shangazi, sitaki kurudi kwenye kile kigari.

Mama wa Watatu

*

Marahaba mwanangu,

Umenipa kazi nyepesi kuliko unavyodhani, kwa sababu umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umetunza risiti. Zisome tena pamoja nami. Milo ilichukua 90, na bahasha ilikuwa ya 100. Kwa maana hiyo mlikula ndani ya bajeti! Kilichowamaliza ni risiti zile 22, na naomba uzitandaze tena utazame kitu kimoja ambacho hukuniandikia, yaani saa. Kila risiti imechapwa saa yake. Kwa jinsi nijuavyo safari za watoto, sitashangaa ukikuta nyingi ni za kati ya saa nane na saa kumi na moja, jua likiwa kali, miguu imechoka, chakula cha mchana bado kinasubiriwa au kimeliwa nusunusu na mtoto aliyekuwa anawahi bembea. Mtu akishikwa na njaa saa hiyo hasomi bei, ananunua kilicho karibu naye. Na wenye bustani hawakukosea kukiweka kile kigari pale kilipo.

Kwa hiyo mpango wa baba watoto siuungi mkono, ingawa hasira yake naielewa. Kumshibisha mtoto saa moja asubuhi hakumfikishi saa mbili usiku. Siku nzima ya bustani ni kutembea kilomita kadhaa, kusimama kwenye foleni, kupiga kelele na kutoka jasho. Mtoto wa miaka 4 tumbo lake ni dogo, hata umlishe vipi asubuhi, saa nne atataka kitu. Mtashikilia msimamo hadi saa tisa, kisha mmoja wenu atalegea, na huyo atakuwa wewe, na mtarudi palepale kwenye kigari, safari hii mkiwa na njaa zaidi ya mwaka jana. Kuhusu maji wala tusijadili. Maji hayakatwi kwenye bajeti, yanapangiwa namna ya kupatikana bure.

Tuanze na geti, maana mambo mengi yanaamuliwa hapo. Kabla hujanunua hata biskuti, fungua tovuti ya bustani mnayokwenda usome kanuni za vyakula, kwa sababu hazifanani. Walt Disney World kule Florida wanakuruhusu kuingia na chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi. Wanachokataa ni vyombo vya glasi, barafu ya vipande na barafu kavu, na boksi la barafu lililozidi takriban sentimita 61 kwa 38 kwa 46. Universal, bustani nyingine hukohuko Florida, katika mji wa Orlando, ni wagumu zaidi: wanaruhusu tu chupa za maji, vitafunio vidogo, chakula cha watoto wachanga na cha wenye mahitaji maalumu ya kiafya. Ukienda Tokyo Disneyland, chakula cha kubeba hakiingii, ila wameweka sehemu ya kukaa na kula nje ya lango. Mtu aliyezoea Florida akifika Tokyo na kikapu chake atakitafuna chote nje ya geti huku watoto wanamvuta nguo. Usikisie. Kama kanuni haieleweki waandikie uwaulize, na jibu lao ulihifadhi kwenye simu.

Mkiruhusiwa kuingia na chakula, basi jioni ya kufika pitieni dukani kabla ya hotelini. Hapo ndipo pana akiba yenu kubwa. Mkate, siagi ya karanga, jibini, matunda yenye ganda, njugu, biskuti zisizo na chokoleti (chokoleti itawafanyia kile kile ilichofanya aiskrimu kwenye kiwiko cha mtoto wako mdogo). Usiku jaza chupa za plastiki maji robo tatu, zilaze, ziingize kwenye sehemu ya kugandisha ya friji ya chumbani kama ipo. Asubuhi zipange pande za begi, chakula katikati. Kwa njia hiyo unapata baridi bila barafu ya vipande, na kufika mchana zimeyeyuka unakunywa. Chakula kinachoharibika, kama nyama, mayai au jibini, kikishakosa baridi kisikae zaidi ya muda wa saa 2, na joto likipita nyuzi 32 ni muda wa saa 1 tu. Ndiyo maana mimi husema mikate ya siagi ya karanga kwa mchana, na vyenye nyama viliwe mwanzo au visibebwe kabisa. Tumbo likimharibikia mtoto mmoja, mmepoteza siku ambayo tiketi yake haitarudishwa.

Begi hilo usilibebe wewe. Mpe mkubwa wa miaka 14, na mwambie yeye ndiye mwenye stoo. Utamwona anavyoanza kuhesabu biskuti.

Maji: kila mtu na chupa yake tupu au iliyoganda. Bustani kubwa zina mabomba ya kujazia, na pale Disney World mikahawa ya kaunta inayouza soda za mashine hukupa kikombe cha maji ya barafu bila malipo ukiomba. Hebu hesabu katika risiti 22 ni ngapi za maji. Hizo zote zifute mwaka huu. Vile vikombe vya kununua mara moja ukajaza soda siku nzima vina hesabu rahisi: gawanya bei ya kikombe kwa bei ya soda moja, upate idadi ya soda inayokirudisha. Ikitoka 4, jiulize kama kweli mtoto wako anywe soda 4 kwa siku. Uliza pia kama watu wawili wanaruhusiwa kukitumia kikombe kimoja, kwa sababu mara nyingi hairuhusiwi.

Sasa mama mkwe. Unamwandika kana kwamba ni mzigo ulioongezeka kwenye hesabu, nami nimemwona kuwa ndiye dawa yenu. Yeye lazima ale kwa wakati. Basi fuateni saa yake nyote sita. Badala ya kuuliza "nani ana njaa?" mnatazama saa ya bibi. Kifungua kinywa hotelini, saa nne mnachukua kitu kidogo begini, saa tano au tano u nusu mnakaa kwa mlo mmoja wa kununua, saa nane kitu kingine begini, saa kumi ruhusa ya kitamu kimoja kwa kila mtoto, na usiku chakula cha chumbani au cha nje ya bustani. Ratiba ya kisukari inatoka kwa daktari wake, kwa hiyo hizo saa zangu zisogezwe kadiri atakavyosema. Lakini ona faida yake: saa tano mikahawa haina foleni, wengine wanaanza kumiminika saa sita. Na ile njaa ya saa tisa, iliyowapiga mwaka jana, itawakuta mmeshakula mara nne. Hapo mtoto atasimama mbele ya kigari kwa hamu, na hamu huweza kusubiri.

Mlo huo mmoja wa kununua uchagueni mkiwa nyumbani. Bustani nyingi zimeweka vyakula na bei zake mtandaoni au kwenye programu ya simu, na unaweza kuagiza kabla hujafika kaunta. Kaeni jioni moja, kila mtu achague chakula chake, uandike. Utagundua kwamba sahani za wakubwa huwa zinatosha kugawana, na kwamba mkahawa wa mezani wenye mhudumu mara nyingi una mlo wa mchana wa bei nafuu kuliko wa usiku. Angalia pia kisichoandikwa kwenye bei. Marekani bei unayoisoma haijawekwa kodi, na mezani kuna bakshishi juu yake, kawaida kati ya asilimia 15 na 20, na familia ya watu 6 kama nyinyi huweza kukatwa moja kwa moja. Japani bei unayoiona imeshabeba kodi, na bakshishi haipo. Mlo uleule unaweza kukukosesha robo nzima ya hesabu kwa sababu ya mstari mmoja chini ya risiti. Na mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa fedha ya nyumbani au ya pale, chagua ya pale, maana ile nyingine hubadilishwa kwa kiwango chao.

Nikufanyie hesabu yako yenyewe. Milo 4 kwa watu 5 ilikuwa 90, yaani 22.5 kwa mlo. Mkiwa 6 ni 27. Mlo mmoja kila siku kwa siku 3 ni 81. Vitamu vya watoto, tuseme 8 kwa siku, ni 24. Vitu vya dukani vya begi na vya usiku chumbani, weka 15. Dharura 10, na hiyo iwekwe kwenye mfuko wa baba watoto. Jumla ni 130. Utasema imezidi ile 100. Mwanangu, ile 100 haikuwa bajeti, yalikuwa matumaini. 130 kwa watu 6 ni nafuu mno kuliko 185 kwa watu 5, na kama bei zimepanda tangu mwaka jana, pandisha zote kwa kiasi hichohicho kabla ya kusafiri.

Hizo 8 za vitamu zina masharti yake. Mkubwa na wa miaka 9 wapewe sehemu zao mkononi asubuhi, taslimu. Ikiisha saa tatu asubuhi kwa bisi, imeisha, na wewe huna la kusema wala la kuongeza. Ikibaki ni yake, hata akiipeleka kwenye kikombe cha joka. Wa miaka 4 pesa bado hazielewi, kwa hiyo yeye mwonyeshe vitu viwili achague kimoja, na mwambie tangu asubuhi ni lini atakipata: "tukitoka kwenye farasi wa kuzunguka." Nakuhakikishia yule wa miaka 9, ambaye mwaka jana alikataa aiskrimu ili kumwokoa mama yake na aibu, anahitaji sana kushika fedha isiyomfanya aombe.

Rafiki yako hajakosea kabisa kuhusu mpango wa kulipia mapema, ila "unasahau habari ya pesa" ndilo tatizo lenyewe. Mipango hiyo inalingana na anayekula sana. Ile ya Disney World, iliyositishwa mwaka 2020 ikarudi Januari 2024, inahesabiwa kwa usiku mnaolala kwenye hoteli zao, haihesabiwi kwa siku mnazoingia bustanini. Bakshishi kwa kawaida haimo, na milo isiyotumika inakufa saa sita usiku siku ya kuondoka. Wa miaka 3 hadi 9 huhesabiwa watoto, lakini kuanzia miaka 10 ni mtu mzima, kwa hiyo wa miaka 14 analipiwa sawa na baba yake. Chukua ile orodha mliyoandika jioni ile, ijumlishe, uiweke kando ya bei ya mpango. Kwa watu wenye begi kama lako na bibi anayekula kidogo kidogo, sidhani kama utakulipa. Kama hoteli yenu inajumuisha kifungua kinywa, hapo ndipo pa kulipia mapema bila kusitasita, mradi milango yao ya chakula inafunguliwa kabla hamjaondoka.

Baba watoto usimwendee na risiti kama mtu anayepeleka ushahidi mahakamani. Mwonyeshe ile 90 kwanza. Atashangaa kama ulivyoshangaa wewe, kwa sababu alidhani mmekula vibaya, kumbe mmekunywa maji ya chupa. Kisha mwambie mengine, lile la foleni, mkiwa wawili, kabla ya safari: kwamba safari hii mkitofautiana kuhusu pesa mtaongea usiku, si mbele ya watoto. Na kuhusu "mama ataeleweka tu," mwache yeye mwenyewe ampeleke mama yake kwa daktari kuuliza kuhusu safari. Akisikia kwa masikio yake kwamba kutembea sana kunaweza kuteremsha sukari ya mtu anayetumia insulini, hutakuwa na haja ya kumshawishi ununue mlo wa saa tano.

Daktari awaandikie barua fupi kuhusu chakula, dawa na sindano, muionyeshe getini. Bibi abebe mwenyewe kitu chenye sukari ya haraka, pakiti ndogo ya juisi au vidonge vya glukosi, mfukoni mwake, isiwe kwenye begi la mjukuu ambaye saa hiyo yuko juu ya treni. Insulini isigusane na zile chupa zilizoganda, maana ikiganda haifai tena, na isiachwe juani. Ifungeni kwa kitambaa, ikae kwenye mfuko wake.

Na mkahawa wa siku ya pili, achague yeye.